Sura ya Tisa: Kitanda cha Saba

Majibu kutoka Manila yalifika saa nne asubuhi ya Jumanne, na shauri la muuguzi Mirasol Tandoc lilipangwa kusikilizwa saa kumi alasiri ya siku hiyo hiyo. Katika muda huo mfupi Daktari Anselmo Katigbak, mkaguzi wa maradhi wa mkoa, alikuwa na swali moja la kujibu: ni nani aliyeingiza ugonjwa katika wodi ya watoto wachanga ya hospitali ya San Gervasio? Watoto sita kati ya saba walikuwa wameugua. Mmoja, wa kitanda cha nne, alikwisha kuzikwa, na baba yake alikuwa ameapa mbele ya kaburi kwamba muuguzi yule hatavaa tena nguo nyeupe maishani mwake.

Katigbak aliisoma barua mara mbili akiwa amesimama, kisha akaikunja na kuteremka ngazi hadi maabara ya hospitali. Mvua ya Oktoba ilikuwa ikipiga mabati, na harufu ya ziwa iliingia madirishani.

Ernani, mpimaji wa maabara, alikuwa akitafuna mkate wake wa asubuhi.

"Karibu, Dok. Umekuja kutuaga? Kesi si imekwisha?"

"Imekwishaje?"

"Muuguzi, kundi A. Watoto, kundi A. Kuku na yai lake."

"Wewe damu yako ni kundi gani?"

"O."

"Na yangu ni O. Basi mimi ni baba yako?"

Ernani akacheka hadi makombo yakamtoka. "Nitamuuliza mama, Dok. Huenda akafurahi."

Katigbak hakucheka. Alivuta kiti, akaomba karatasi ya vipimo ya tarehe kumi na tatu. Kirusi kilichowaangusha watoto wale hakikuwa kigeni. Kila msimu wa mvua hupita nyumba kwa nyumba. Mtu mzima humwachia mafua, na mtoto mchanga humziba mapafu. Wataalamu hukigawa katika makundi mawili, A na B, kwa kukitilia matone ya kingamwili na kutazama yapi yamekishika na kung'aa. Hospitali ilikuwa imesoma neno moja tu katika karatasi ile, neno "A", na juu ya neno hilo ikajenga mashtaka.

"Hapa, safu ya tatu," alisema Katigbak, akiweka ncha ya kalamu. "Umeandika nini?"

"Dhaifu."

"Umeliandika mara ngapi?"

Ernani akahesabu kwa midomo. "Sita."

"Na kwa muuguzi?"

"Ah, kwake tone liling'aa kama taa ya Krismasi."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Dok, dawa yenyewe ilikuwa imekaribia tarehe yake. Nikasema imechoka."

"Ilichoka kwa watoto sita, kisha ikapata nguvu kwa muuguzi?"

Ernani aliacha kutafuna.

"Dawa yako ilikuwa nzima," alisema Katigbak. "Kilichobadilika ni vazi la kirusi. Kingamwili humtambua adui kwa vazi lake, na mahali pale inaposhika, watoto walikuwa na kirusi kilichovaa vingine. Manila wameisoma hati yake yote ya jeni, herufi kwa herufi." Akaifungua barua. "Kirusi cha watoto sita kina kipande cha herufi sabini na mbili kilichoandikwa mara mbili mfululizo, kama mwandishi aliyesahau alipofikia akarudia mstari. Cha muuguzi hakina marudio hayo."

"Hakikuweza kubadilika njiani? Kutoka kwake kwenda kwao?"

"Herufi moja, mbili, naam. Hujikosea kila kinapojinakili. Lakini mstari mzima, kwa watoto sita, mahali pale pale, ndani ya siku nne?"

"Basi yule dada hana hatia."

"Hana. Ila saa kumi nikisimama niseme hivyo tu, yule baba ataniuliza: kama si yeye, ni nani? Nisipokuwa na jibu, watasema nimekuja na maneno ya vitabu."

"Na barua haisemi ni nani?"

"Inasema kirusi hiki kimewahi kuonekana mara moja tu kabla ya hapo, kikiwa hivyo hivyo kila herufi. Kilitoka kwa mvulana wa miezi minane aliyelazwa hospitali binafsi mjini Manila, tarehe ishirini na nane Septemba. Jina hawatoi."

"Manila kuna wavulana wa miezi minane kama mchele."

"Ndiyo," alisema Katigbak, akainuka.

*

Mkurugenzi wa hospitali, Doktora Purificacion Villaseran, alimpokea bila kusimama. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili, mgongo umenyooka kama rula, na nusu ya watu wa mji ule walikuwa wamepita mikononi mwake walipozaliwa. Mezani palikuwa na kikombe cha chai ya tangawizi kilichofunikwa kwa kisosi, na picha ya mtoto mnene katika fremu ya fedha. Utepe wa plastiki, wa aina ile wafungwayo wagonjwa mkononi, ulikuwa umeviringishwa kwenye kona ya fremu kama ua.

"Nakuomba uahirishe shauri kwa siku tatu, Doktora."

"Hapana."

"Manila wanasema kirusi chake si cha watoto."

"Manila hawakuzika mtoto." Alikohoa kidogo, akanywa chai. "Yule msichana nilimsimamia mimi kwenye maji ya ubatizo. Unadhani napenda? Alikuja kazini tarehe tisa anakohoa. Akaja tarehe kumi. Akaja kumi na moja. Sheria ya hospitali ameivunja, na sheria haimjui mwana wala mjukuu."

"Alikuja kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumshikia zamu."

"Atayasema hayo saa kumi. Mimi ndiye mwenyekiti. Nitamsikiliza kwa haki."

Katigbak aliona kwamba anasema kweli. Mwanamke yule angemsikiliza kwa haki, na kwa haki ile ile angemfukuza.

*

Mirasol alikuwa amewekwa katika chumba cha mashuka tangu siku ya mashtaka, asimkaribie mgonjwa yeyote. Alikunja shuka huku akizungumza, kona juu ya kona, bila kuinua macho.

"Siku zile tatu ulivaa barakoa?"

"Mbili, Dok, moja juu ya nyingine. Na mikono nilinawa mpaka ikachubuka. Tazama."

Aliitazama. Ilikuwa imechubuka kweli.

"Mtoto yupi ulimshika zaidi?"

"Perlita wa kitanda cha saba. Ana mdomo uliopasuka, hawezi kunyonya. Nilimlisha kwa kijiko, kila baada ya saa tatu. Mama yake alikuwa akiogopa kumpalia."

Katigbak akaacha kuandika. "Kitanda cha saba ndicho hakikuugua."

"Ndiyo, Dok. Namshukuru Bikira."

"Uliyempakata kila baada ya saa tatu ni mzima, na sita uliowabadilisha nepi tu wameugua."

Shuka ilisimama mikononi mwa msichana.

"Barua imefika, Mirasol. Ugonjwa wa watoto si wako."

Machozi yalimlengalenga, na kwa kitambo uso wake ukafunguka kama dirisha. "Kwa hiyo ni wa..." Hapo dirisha likafungwa. Aliinama, akaanza kuikunja upya shuka iliyokwisha kukunjwa.

"Ni wa nani?"

"Sijui."

"Nani mwingine aliviinamia vile vitanda tarehe nane, siku chache kabla watoto hawajaanza kuugua?"

"Kitabu cha wageni kipo mlangoni, Dok."

"Nakuuliza wewe."

"Na mimi nakuomba usiniulize." Mkono wake ulikuwa umepanda kifuani, kwenye kidani kidogo cha fedha cha ubatizo. "Nifukuzwe tu. Nitauza samaki na shangazi yangu. Kuna watu wanaofukuzika na kuna wasiofukuzika."

Hakupata kwake neno jingine. Lakini alitoka akijua jambo moja ambalo hakulijua alipoingia: msichana yule alikuwa akimkinga mtu.

*

Kitabu cha wageni kilikuwa na jina moja kubwa katika ukurasa wa tarehe nane: Padri Eulogio, aliyekuja kubariki watoto kwa maji. Padri alikuwa mzee, mwenye kikohozi kinachosikika hadi nje ya kanisa. Katigbak aliliandika jina lile katika daftari lake, akalipigia mstari, akavaa joho na barakoa, akaingia wodini.

Vitanda viliwekwa safu moja chini ya madirisha. Watoto wawili walikuwa bado wamefungwa mipira ya oksijeni. Kwenye kitanda cha pili alikaa Lola Ising, bibi mfupi mwenye rozari shingoni na kipepeo cha majani mkononi, akimpepea mjukuu wake. Mama wa mtoto alikuwa kiwandani. Kwa hiyo bibi ndiye aliyekuwa akilala pale sakafuni tangu mtoto alipozaliwa.

"Mwenye maswali huyo," alisema Lola Ising, akiwatangazia akina mama wengine. "Jana kaniuliza nimekula nini. Leo utaniuliza nimeota nini?"

"Leo nimekuja kumwona mgonjwa tu, Lola." Aliinama. Mtoto alikuwa na kichwa chenye nywele nyingi, nyeusi ti, zilizosimama kama za kinyago. Maneno yakamtoka kabla hajayapima. "Nywele hizi! Kijana mzuri huyu."

Mkono wa bibi ukamdaka joho.

"Haya, umeshamsifu. Mpake."

Hakuhitaji kuelezwa apake nini. Mama yake mwenyewe alikuwa akiwakimbiza wageni mpaka barabarani kwa jambo hilo. Mgeni akimsifu mtoto, macho yake humwingia. Mtoto hupata usog, hulia usiku kucha na tumbo kujaa, hata kama mgeni hakuwa na nia mbaya. Dawa yake ni mate ya mgeni huyo huyo, yapakwe kwa kidole kwenye paji la uso, na mtoto akitafuta ziwa kwa mdomo, hata midomoni.

"Lola, mtoto ana oksijeni. Na mimi nina barakoa."

"Macho unayo ya kumsifia, mate huna? Ama kweli wasomi wa siku hizi! Anaumwa, halafu unamwongezea usog juu?"

Akina mama wakacheka kwa sauti ndogo.

"Nitamwombea badala yake."

"Kuomba naomba mwenyewe. Doktora wetu mkubwa kukuzidi wewe kaja na barakoa yake, nikamwambia, Doktora, umewasifu, usiwaache hivyo. Akaona aibu? Kaishusha hapa kidevuni, akapaka. Mmoja baada ya mwingine. Huyo ndiye mtu! Mate ya mtu kama yule si mate ya kila mtu."

Kipepeo kiliendelea kwenda na kurudi. Katigbak alibaki ameinama.

"Lini, Lola?"

"Jumatatu ile aliporudi safari, alipowaletea blanketi. Siku ile ile aliyokuja Padri."

Alinyoosha mgongo polepole. Hakumuuliza zaidi. Alikwenda hatua tano, hadi kitanda cha mwisho, ambako mama kijana aitwaye Genalyn alikuwa amekaa akiwapa wenzake mgongo. Mtoto wake alikuwa amelala, uso umefunikwa nusu kwa kona ya blanketi jipya.

"Mama Perlita, Padri alipokuja, alimbariki na wako?"

"Alimbariki. Alimkoholea hata." Alitabasamu kidogo. "Alimshika kichwa, akakaa naye kuliko wengine wote."

Katika daftari lake Katigbak akafuta mstari chini ya jina la Padri Eulogio.

"Na Doktora?"

Tabasamu likaondoka. Genalyn alivuta blanketi hadi chini ya pua ya mtoto.

"Blanketi aliliweka hapo miguuni."

"Hakumpaka?"

"Ampake kwa nini, Dok?" Sauti yake ilikuwa kavu. "Alisema huyu ana macho, huyu ana nywele, huyu ana mashavu. Alipofika hapa alinyamaza, akaweka blanketi, akageuka. Hapa hapakuwa na cha kusifiwa. Asiyesifiwa hapati usog."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika kumi.

*

"Mjukuu wako hajambo, Doktora?"

Villaseran alikuwa akivaa koti jeupe, tayari kwa kikao. "Hajambo. Mungu ashukuriwe. Hilo ndilo lililokurudisha?"

"Ana miezi mingapi?"

"Minane. Sasa tisa."

"Alilazwa tarehe ishirini na nane Septemba. Imeandikwa kwenye utepe wake." Katigbak aliweka barua kando ya fremu ya fedha, mstari wa mwisho ukiwa umepigiwa alama. "Soma hapo."

Alisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa. Alisoma tena, kama wanavyosoma madaktari, akitafuta kosa katika namba.

"Nilimuuguza usiku tano," alisema hatimaye. "Nikarudi na mafua tu. Mafua ya safari."

"Kwa mtu mzima huwa mafua tu, ndiyo hila yake. Umekwisha kuugua kirusi hiki mara kumi maishani, kila mara na vazi lililobadilishwa kidogo. Mwili wako unakikumbuka nusu, ukakizuia puani. Mtoto wa siku kumi na mbili ana kumbukumbu aliyopewa na mama yake tu, na mama zao hawajawahi kuliona vazi hili jipya."

"Usinifundishe udaktari, Anselmo."

"Sikufundishi. Nakuuliza ulichokifanya tarehe nane."

Nje, viti vilikuwa vikiburutwa katika ukumbi. Villaseran alikunja barua, akainyoosha, akaikunja.

"Huwezi kuthibitisha. Pua yangu sasa ni safi, pima ukitaka. Utepe na tarehe si ushahidi. Na Mirasol hatasema. Namjua."

"Hatasema. Amekubali kuuza samaki."

Neno hilo lilimgusa. Kope zake zilishuka. Lakini sauti ilibaki ile ile. "Basi una nini?"

"Nina watoto sita waliopakwa na mmoja asiyepakwa. Na nina Lola Ising."

"Ising? Nilimzalisha watoto wanne. Hatatoa neno juu yangu."

"Atatoa lote, na kwa fahari. Amekwisha kunisimulia wodi nzima ikisikia, na anadhani anakusifu. Nikimwita saa kumi atasimama na rozari yake, aeleze ulivyoshusha barakoa. Kisha sheria itanilazimu nimuulize swali la pili." Alingoja. "Nani aliyeomba?"

Doktora Villaseran aliishika fremu ya fedha.

"Atajibu, 'Mimi,'" alisema Katigbak. "Mbele ya yule baba. Mbele ya wote. Na mjukuu wake bado yuko kwenye oksijeni."

"Usimwite."

"Saa kumi kamili nitamwita, asipokuwapo mtu wa kunitangulia."

Akachukua barua yake na kutoka.

*

Ukumbi ulijaa. Wajumbe wawili walikaa nyuma ya meza ndefu. Kiti cha katikati kilikuwa kitupu. Karani, Bi Benilda, alikuwa amefungua daftari na kuandika tarehe. Mbele ya meza, peke yake, aliketi Mirasol, mikono iliyochubuka magotini. Baba wa mtoto wa kitanda cha nne, mwashi aitwaye Rodante, alisimama ukutani kwa sababu hakutaka kuketi. Katika safu ya kwanza alikuwa Lola Ising, aliyemwachia jirani kitanda kwa nusu saa, amevaa gauni la kanisani.

Saa kumi kamili Katigbak alisimama. Alikuwa amefungua kinywa, pale mlango wa pembeni ulipofunguliwa.

Doktora Villaseran hakwenda kwenye kiti cha katikati. Alitembea hadi mbele ya meza, akasimama kando ya Mirasol.

"Karani, hapo palipoandikwa jina la mshtakiwa, futa. Andika langu."

Minong'ono ikapanda. Benilda aliinua kalamu, asijue aishushe wapi.

"Ninang, mama yangu wa ubatizo, usifanye hivyo," alinong'ona Mirasol.

"Nyamaza, mwanangu. Umenyamaza wiki mbili. Dakika moja haitakushinda." Aliwageukia wajumbe. "Nilirudi kutoka Manila na ugonjwa wa mjukuu wangu. Tarehe nane niliingia wodini, nikashusha barakoa, nikawapaka watoto sita mate yangu kwa kidole hiki. Daktari Katigbak ana hati inayoonyesha kwamba kirusi ni hicho. Cha muuguzi ni kingine."

Rodante alitoka ukutani. Mikono yake mikubwa, yenye saruji kucha hadi kucha, ilifumba na kufumbua.

"Kwa sababu gani, Doktora?" aliuliza mjumbe mmoja, kama anayeomba aambiwe si kweli. "Wewe, daktari?"

"Kwa kiburi. Niliwasifu, nikataka nionekane mwenzao. Hakuna aliyeniomba."

Kiti kikalia katika safu ya kwanza. Lola Ising alikuwa amesimama.

"Lakini Doktora, si mimi ndiye..."

"Wewe ulikuwa umelala, Lola."

"Nilikuwa nimelala?"

"Pale sakafuni, kwenye mkeka wako. Ulikuwa umechoka. Ulipoamka nilikuwa ninamaliza."

Bibi alibaki amesimama, rozari mkononi. Ukumbi wote ulimtazama. Aliugeuza uso wake, polepole, kutoka kwa Doktora hadi kwa Katigbak, kama mtu anayetafuta shahidi.

"Dok, eti nilikuwa nimelala?"

Kalamu ya Benilda ilisubiri. Katika miaka thelathini ya kazi, Katigbak hakuwahi kuacha mstari usio wa kweli katika taarifa yake, na kila aliyekuwa mle ukumbini alilijua hilo. Mirasol alikuwa amefumba macho. Mlangoni, Genalyn alikuwa amesimama na Perlita begani, blanketi limeteleza, uso wa mtoto uko wazi kwa wote.

"Mimi sikuwapo, Lola," alisema Katigbak. "Doktora ndiye aliyekuwapo."

Lola Ising alikaa. Alikaa kidogo kidogo, kama anayejaribu maji ya moto, kisha akaiweka rozari pajani na kuanza kuihesabu kutoka mwanzo.

"Andika," Katigbak alimwambia karani. "Andika kama Doktora alivyosema."